Yule wa Kumi Alikuwa Mgeni

(Mazungumzo ya Neno la Mungu yaliyotolewa redioni)

Neno letu la leo latoka katika Injili ya Luka, sura ya 17, mstari wa 11 hadi wa 19. Kama Biblia iko karibu nawe, ifungue. Kama haiko karibu, sikiliza tu, maana habari yenyewe ni fupi.

Bwana Yesu alikuwa safarini kwenda Yerusalemu. Luka aeleza kwamba alipita kati ya Samaria na Galilaya. Sisi wa huku twayaelewa maneno hayo upesi, kwa sababu hapo ni mpakani. Mpakani watu hujuana, huuziana, huoana. Wateso wako huku na wako ng'ambo. Wasamia vivyo hivyo. Hata hivyo, siku ya shida ikifika, kila mmoja hukumbuka kwamba mwenzake ni mgeni.

Basi, mahali hapo watu kumi wenye ukoma walikutana na Bwana. Walisimama mbali, wakapaza sauti wakiomba rehema. Kwa nini walisimama mbali? Soma kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13. Mwenye ukoma alitakiwa kukaa peke yake nje ya kambi, kufunika mdomo wake, na kuwaonya watu kwamba yeye ni najisi. Hata akipona, hakurudi kwake kabla ya kuhani kumkagua na kusema kwamba ni safi. Ndiyo sababu Bwana aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani.

Kufunika mdomo, kusimama mbali, kungoja kukaguliwa. Je, wasikilizaji, mambo hayo mmekwisha kuyasahau?

Tarehe 13 Machi 2020 serikali yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya. Kabla ya mwezi huo kwisha makanisa yalikuwa yamefungwa, na Uganda ilikuwa imefunga mipaka yake kwa wasafiri. Malori ya mizigo tu ndiyo yaliyoruhusiwa kuvuka, tena kwa masharti ya kupimwa. Madereva walitolewa vipimo, wakangoja majibu siku nyingi. Mwezi wa Mei msururu wa malori kutoka Malaba ulipita Amagoro, ukaendelea makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Watu walilala chini ya matrela, mvua yao, jua lao. Na sisi wenyeji tuliwaogopa. Watoto waliambiwa wasikaribie barabara. Wengine walikataa hata kupokea pesa zilizotoka mkononi mwa dereva.

Nataka niungame jambo moja mbele yenu. Siku moja ya mwezi huo nilikuwa nikitoka mazishini, mazishi ya watu 15 tu kama ilivyoamriwa. Nilikuwa nimevaa kola yangu na barakoa. Dereva mmoja wa Uganda aliniona, akaita kutoka upande wa pili wa barabara, "Mchungaji, niombee. Mama yangu amefariki leo asubuhi, nami siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma." Nilisimama. Nilimwombea kutoka hapo nilipokuwa, ng'ambo ya mtaro. Maombi yenyewe yalikuwa mafupi, na sababu ya ufupi wake ilikuwa hofu. Kisha nikaenda zangu. Usiku ule sikupata usingizi.

Karibu na mahali pale aliishi mjane mmoja wa kanisa letu, mama wa Umoja wa Akina Mama. Kazi yake ilikuwa kuuza nguo za mitumba ng'ambo, na mpaka ulipofungwa, kazi ilikufa siku hiyohiyo. Nilipopita tena baada ya siku tatu, nilikuta ameweka jiwe kubwa kando ya barabara. Juu ya jiwe kulikuwa na mtungi wa maji na sufuria ya viazi vitamu vilivyochemshwa. Yeye alikaa mbali chini ya mwembe. Madereva walikuja mmoja mmoja, wakachukua, wakarudi kwenye malori yao.

Nikamwuliza, "Mama, wewe mwenyewe utakula nini?"

Akanijibu, "Mchungaji, mimi nina kisima na kivuli. Hawa wana jua tu. Nitawezaje kumshukuru Mungu kwa kisima, na mtu akae na kiu mbele ya mlango wangu?"

Ndugu zangu, nimesoma chuo cha theolojia, nimeandika mitihani juu ya mafundisho ya neema. Lakini siku ile mwalimu wangu alikuwa mama yule. Alikuwa amepoteza kazi. Hakujua kesho itakuwaje. Hata hivyo aliangalia kilichobaki, akakihesabu, akaona kwamba kinatosha kugawanywa. Shukrani yake ilikuwa na viazi ndani yake.

Mwezi wa Julai makanisa yalianza kufunguliwa. Tuliruhusiwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja. Nilidhani Jumapili ile itajaa nyimbo za furaha. Kumbe wengi wetu tulikuja na manung'uniko. Huyu alilalamikia biashara, yule karo ya shule, mwingine serikali. Nami mchungaji wenu nilikuwa na orodha yangu ndefu. Mungu alikuwa ametulinda tukafika siku ile, lakini sikumbuki kama kuna aliyesimama kutoa shukrani.

Ikafika Novemba. Siku ya kazi, saa nne asubuhi, lori lilisimama karibu na kanisa. Akashuka yule dereva niliyemwombea ng'ambo ya mtaro. Aliniambia, "Nimekuja kushukuru." Mimi niliona haya. Nikamwambia, "Ndugu yangu, nilisimama mbali nawe." Akasema, "Ndiyo, lakini ulisimama. Wengi walipita." Kisha akauliza alipo yule mama wa viazi, kwa kuwa alikuwa amemletea gunia la mahindi.

Tulikwenda pamoja. Hapo ndipo niliposikia mambo ambayo sikuyajua. Siku ile ya msiba, baada ya mimi kuondoka, mama yule alimsikia akilia. Akakaa chini ya mwembe, naye dereva akakaa penye lori, barabara ikiwa katikati yao, wakalia pamoja mpaka jioni. Dereva akaniambia, "Mchungaji, mama yangu alizikwa bila mimi. Jambo hilo haliwezi kurudi nyuma. Lakini sikumlilia peke yangu, na kwa hilo namshukuru Mungu."

Sasa turudi katika Injili. Wale kumi walikwenda kama walivyoagizwa, na walipokuwa njiani wakatakasika. Mmoja wao alipoona kwamba amepona, alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka miguuni pa Yesu na kumshukuru. Naye alikuwa Msamaria. Bwana akauliza wale tisa wako wapi, na kama hakupatikana wa kurudi ila huyu mgeni.

Swali hilo lilinichoma, maana siku ile ya Novemba nilijua mimi ni mmoja wa wale tisa. Wale tisa hawakuwa watu wabaya. Walitii, wakaenda kwa makuhani, pengine wakawahi nyumbani kukumbatia watoto wao. Walipokea uzima wakasahau kurudi. Mgeni ndiye aliyerudi.

Tena si mara ya kwanza sisi wa magharibi mwa Kenya kufundishwa shukrani na wageni. Wimbo wa Tukutendereza, ambao ndugu wa Uamsho huuimba hata leo, ni wa Kiganda, na jina lake lina maana ya kumsifu Bwana. Ulituvukia kutoka upande ule wa mpaka. Na wazee wetu wakumbuka mwaka 1977. Tarehe 16 Februari mwaka huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kaburi lilichimbwa Namirembe, kando ya kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Lakini mwili haukuletwa; ulipelekwa kuzikwa Mucwini, kaskazini ya Uganda. Waumini walikusanyika Namirembe wakalikuta kaburi tupu. Wakakumbuka kaburi jingine tupu, lile la siku ya Pasaka, wakaimba. Siku zile wengi walikimbilia Kenya, na mmoja wao alikuwa Askofu Yona Okoth wa Bukedi, dayosisi iliyo ng'ambo tu ya Malaba. Baadaye alirudi kwao, na mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu wa Uganda.

Je, watu wale walimshukuru Mungu kwa sababu ya mauaji? La, hasha! Wala dereva yule hakushukuru kwa sababu mama yake amekufa. Mtume Paulo, akiwaandikia Wathesalonike waraka wa kwanza, sura ya 5, mstari wa 18, awaagiza kushukuru, na katika Kiyunani atumia neno lenye maana ya "katika." Ashukuruye yuko katika jambo, ndani yake kabisa, na Mungu yuko humo pamoja naye. Hatuamriwi kuuita ugonjwa zawadi, wala kumwambia mfiwa acheke. Machozi yana haki yake. Bwana mwenyewe alilia kaburini pa Lazaro.

Tena litazameni jambo hili. Neno la Kiyunani alilotumia Luka kusema kwamba Msamaria alishukuru ndilo neno analolitumia katika sura ya 22, Bwana alipotwaa mkate akashukuru. Alishukuru usiku gani? Usiku wa kusalitiwa. Msaliti alikuwa mezani, msalaba ulikuwa kesho, naye Bwana alikuwa na mkate mkononi akamshukuru Baba yake. Kisha akaumega, akawapa. Kila tukishiriki Meza ya Bwana twaingia katika shukrani ile iliyotolewa gizani. Furaha yetu imesimama juu ya hiyo, haikusimama juu ya bei ya mahindi wala kufunguliwa kwa mpaka.

Basi wewe unayenisikiliza leo, pengine mambo yako ni magumu. Mkopo wakusumbua, mtoto yuko nyumbani kwa kukosa karo, au mto umebeba shamba lako kama Nzoia inavyofanya Budalang'i. Sitakuambia kwamba si kitu. Ni kitu, na Mungu akijua. Lakini nakuomba ufanye mambo mawili kabla jua la leo halijatua. Kwanza, tafuta kile kilichobaki, hata kama ni kisima na kivuli tu, ukitaje mbele za Mungu kwa jina lake. Pili, rudi kwa mtu mmoja aliyesimama siku yako ya shida, umwambie asante. Huenda yeye mwenyewe hana usingizi, akidhani alilolifanya lilikuwa dogo mno.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyepita mpakani ukasikia kilio cha waliosimama mbali, utusamehe sisi tuliopokea tukasahau kurudi. Wafariji wenye msiba ambao hawakuweza kuwazika wapendwa wao. Walinde madereva barabarani, na kila mama anayetafuta chakula cha watoto sokoni. Utufundishe kushukuru tukiwa katikati ya shida, na kuumega mkate wetu tukiwa nao mchache. Kwa jina lako twaomba. Amina.

Mbaki na amani ya Bwana, mpaka tutakapokutana tena.