MAZUNGUMZO: LIKIZO KATIKA MKOA WA SINGIDA

Maelezo ya Afisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wananchi




Nimetakiwa nizungumzie matembezi ya wakati wa likizo. Sisi wa visiwani, yakitajwa mapumziko, fikra zetu hukimbilia ufukweni. Leo nawaomba tuelekeze nyuso zetu bara, katika Mkoa wa Singida, nchi isiyo na bahari lakini yenye maji ya chumvi.

Mji wa Singida umekaa kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, baina ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Kandokando yake imesimama miamba mikubwa ya granaiti, jiwe juu ya jiwe, kana kwamba imepangwa kwa mkono. Umri wa miamba ya nchi hiyo unazidi miaka milioni 2,000. Heroe nao hushuka majini kutafuta chakula, na mwenye subira akikaa juu ya jiwe asubuhi na mapema atawaona bila ya kuwasumbua.

Kwa upande wa Iramba, barabara ya kwendea Nzega huteremka mlima Sekenke, penye dhahabu iliyoanza kuchimbwa tangu zama za Wajerumani, na chini yake umetandaa uwanda wa Wembere. Kusini, Manyoni na Itigi ni nchi ya vichaka vizito na asali yenye sifa, na mbele yake yako mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi.

Mpenda milima atavuka mpaka kuingia Mkoa wa Manyara, apande Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Safari huanzia Katesh na huchukua siku nzima. Lakini mlima hauchezewi. Mwezi wa Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliporomoka hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Kwa hivyo asipande mtu bila ya mwongozaji wa hapo hapo, wala wakati wa masika.

Kuhusu usafiri, kuanzia mwaka 2024 abiria anayeshuka botini Dar es Salaam anaweza kupanda treni ya reli ya kisasa hadi Dodoma, kisha basi kupitia Manyoni, mwendo wa kilomita 240 hivi. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu na yenye upepo, na usiku una baridi. Aliyezoea joto la Unguja asisahau sweta.

Ndugu Wananchi, liko jambo moja ambalo ndilo khasa lililonileta mbele yenu. Maziwa ya Singida hayana mto unaotoka. Maji huingia, jua likayapunguza, na kila kilichoingia pamoja nayo hubaki humo. Mfuko wa plastiki anaoutupa mgeni kwa dakika moja hautachukuliwa na mkondo kwenda kwengine. Vivyo hivyo jiwe la granaiti likishavunjwa kuwa kokoto, hapana mvua itakayoliotesha tena.

Sisi tunaijua hali hiyo. Kisiwa nacho hakina pa kusukumia taka zake, na mashimo tuliyoyaacha kwa kuchimba mchanga tunayaona kwa macho yetu. Ndiyo maana Chumbe ilihifadhiwa mwaka 1994, na Jozani na Ghuba ya Chwaka zikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Tunalotaka mgeni atufanyie hapa, na sisi tukalifanye kwa wenyeji wetu wa Singida: kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, kununua asali na kuku kwao kwa bei ya haki, na kurudi na taka zetu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukienda kwa adabu, mwenyeji atapona. Tukienda kwa uharibifu, tutamwachia maradhi.

Nakutakieni likizo njema.