Saa 5:59 Usiku

Katika vyuo vingi vya Marekani, kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza haikwepeki, mtu asomee uuguzi au uhandisi. Wengi sasa huisoma mtandaoni, na kinachoweza kumwangusha mgeni mapema si sarufi. Ni saa.

Mwalimu wa New York akiandika kwamba insha ifike kabla ya 11:59 usiku, kwa Mswahili hiyo ni saa 5:59. Mwanafunzi aliye Dar es Salaam atakuwa ameshaingia siku ya pili: saa 1:59 asubuhi, au 12:59 Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele. Heri azibandike tarehe zote ukutani siku anayopewa silabasi.

Rasimu nayo isiandikwe moja kwa moja kwenye kisanduku cha tovuti. Bando likiisha katikati ya aya, kazi imekwenda na maji. Iandikwe kwanza kwenye kompyuta, ihifadhiwe, ndipo inakiliwe.

Kunukuu vyanzo huwatesa wengi, ingawa msaada upo bure: maabara ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Purdue, jimboni Indiana, ilianza 1976 na imekuwa na tovuti tangu 1994.

Kisha kuna maoni kwa wenzako, ambayo mara nyingi hutolewa alama. “Kazi nzuri” haimsaidii mtu. “Aya ya tatu inasema unga umepanda bei, lakini bei yenyewe siioni” inamrudisha mwandishi mezani usiku huohuo.