Mpiga Picha wa Wakuu na Mtoto wa Hospitali

Mtu atakapo kupigwa picha, kwanza huvaa nguo yake njema, hujinyosha kama mkuki, na kuukaza uso. Wanafunzi wangu hufanya hivyo, nami sina budi kukiri kwamba mwalimu wao hufanya vivyo hivyo.

Cecil Beaton, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1904, aliujua vema udhaifu wetu huo, akapata riziki kwao. Aliwapiga picha wacheza sinema, matajiri na watu wa ukoo wa kifalme. Akawazungushia maua na mapazia, na dosari za uso zikafutwa kwa ustadi. Mwaka 1938 alipoteza kazi yake katika gazeti la Vogue huko Marekani, kwa kuwa alitia katika mchoro wake maneno madogo ya kuwadharau Wayahudi. Aibu hiyo ilimstahili.

Vita vilipokuja, Wizara ya Habari ya Uingereza ilimpa kazi ya namna nyingine. Septemba 1940 ndege za Wajerumani zilikuwa zikiangusha mabomu juu ya London. Beaton akaingia katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, akamkuta mtoto wa kike, hajatimiza miaka minne, amejeruhiwa. Itazameni picha hiyo kwa moyo, maana redio haina macho. Mtoto ameketi kitandani, kichwa kimezungushiwa kitambaa cheupe mpaka chini ya kidevu, mwanasesere yu pamoja naye. Halii. Anatutazama tu. Gazeti la Life la Marekani likaitia picha hiyo kwenye jalada lake tarehe 23 Septemba, wakati Wamarekani walipokuwa bado hawajaingia vitani. Hesabu za waliokufa walikwisha kuzisoma. Sasa walimwona mtoto.

Picha zake za vita zapata 7,000. Mwaka 1943 alikwenda penye viwanda vya meli kando ya mto Tyne, akampiga picha mwanamke aliyekuwa akilehemu chuma. Wako wasemao kwamba hata huko aliupanga mno mwanga. Huenda ni kweli, lakini mimi sioni kosa: ustadi aliowapa malkia, sasa alimpa fundi.

Baadaye aliwarudia wakuu wake, na mwaka 1953 akampiga picha Malkia Elizabeth siku ya kutawazwa. Niliwaonyesha wanafunzi picha hiyo pamoja na ile ya hospitali. Kwa malkia walibishana habari za taji. Kwa mtoto walinyamaza, hata kengele ikalia.