Breki Inayokamata Wakati wa Kupaa: Ajali ya Yaroslavl na Ndege Zetu Ndogo



Tukitaja breki za ndege, karibu kila mara tunafikiria kutua. Mada yangu inahusu breki inayokamata wakati ndege inakimbia ili ipae. Nimechagua ajali iliyochunguzwa kwa kina, ingawa ndege yenyewe ilikuwa kubwa kuliko hizi tunazorusha, kwa sababu kilichotokea kwenye pedali zake kinaweza kutokea kwenye Cessna yoyote.

Tarehe 7 Septemba 2011, ndege aina ya Yak-42 iliondoka uwanja wa Tunoshna, karibu na mji wa Yaroslavl nchini Urusi, kwenda Minsk. Ilibeba Lokomotiv, timu ya mpira wa magongo wa barafuni, iliyokuwa ikienda kuanza msimu wa ligi. Walikuwamo watu 45. Waliofariki ni 44.

Hali ya hewa ilikuwa nzuri, na injini zote tatu zilifanya kazi mpaka mwisho. Njia ya kurukia ilikuwa na urefu wa mita 3,000. Wachunguzi walibaini kwamba mmoja wa marubani alikuwa akikanyaga breki bila kujua huku ndege ikikimbia. Marubani wote wawili walikuwa wamezoea zaidi Yak-40, ambayo pedali zake zimeundwa tofauti. Kwenye Yak-42, mguu mzima ukipandishwa juu ya pedali, vidole huangukia kwenye breki. Mafunzo yao ya kuhamia ndege hiyo yalikuwa na mapungufu, na kwenye damu ya rubani msaidizi ilikutwa phenobarbital, dawa inayopunguza wepesi wa mwili na akili.

Hapa naomba tutulie kidogo. Breki inayokamata hufanya mambo mawili, na la pili ndilo tunalolisahau. La kwanza ni kupunguza mwendo. La pili ni kuvuta pua chini: magurudumu yako chini ya kitovu cha uzito, kwa hiyo yakizuiliwa, ndege nzima hutaka kuinamia mbele. Marubani wale walivuta usukani kwenye kilomita 185 kwa saa, ilhali mwendo wao wa kuinua pua ulikuwa 210. Pua haikuinuka. Waliendelea kuvuta, ndege ikafika kilomita 230, na bado ilikuwa chini. Ilipita mwisho wa njia na kuiacha ardhi mita 400 mbele yake kwenye nyasi, ikagonga mnara wa antena na kuanguka kando ya mto. Kinachoniuma ni kwamba, kwa mujibu wa uchunguzi, hata baada ya pua kukataa kuinuka mara ya kwanza, bado kulikuwa na nafasi ya kukatisha na kusimama salama.

Tuje kwetu. Kwenye Cessna 172 breki ziko sehemu ya juu ya pedali zilezile za kuelekezea ndege. Mwanafunzi mwenye hofu hukaza miguu, na miguu ikikaza hupanda. Dawa yake ni visigino kubaki sakafuni tangu nguvu ya injini inapoongezwa, na mwalimu aangalie miguu ya mwanafunzi kabla hajaangalia saa za mbele. Wakati mwingine mguu hauna kosa lolote: breki ya kuegeshea haikuachia vizuri, tope limekauka kwenye kibanio, pini zimeshika kutu, au rubani amekuja akikanyaga breki njia nzima mpaka diski zikachemka. Ndege inayodai nguvu nyingi kutembea, au inayovutia upande mmoja, ipelekwe kwa fundi. Kuisukuma kwa mkono kwenye maegesho kabla ya safari hakugharimu chochote.

Ugumu wetu ni mazingira. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na injini inapungukiwa nguvu. Viwanja vingi vya mbugani ni vya nyasi au changarawe. Katika hali hiyo ndege nzito kuondoka inaonekana jambo la kawaida, na breki inayokamata hujificha humohumo.

Ndiyo maana hisia za rubani hazitoshi, anahitaji alama. Kanuni inayofundishwa kwa ndege ndogo ni hii: ukifika nusu ya njia bila kupata asilimia 70 ya mwendo wa kuinua pua, katisha. Kwa Cessna inayoinuliwa kwenye noti 55, hiyo ni karibu noti 39. Nusu ya njia ichaguliwe kabla ya kuondoka, kwa kitu kinachoonekana: mti, jiwe lililopakwa chokaa, njia ya pembeni. Kisha rubani ataje mwendo huo kwa sauti.

Ninapendekeza mjadala uanzie hapo. Je, shule zetu ziko tayari kumpa mwanafunzi haki ya kusema "katisha" mwalimu akiwa kando yake, na mwalimu atii kwanza, maswali yaje ndege ikiwa imesimama?