Mwombaji Yuko Steshenari: Kusanifu Huduma za Kidijitali kwa Kumfuata Mtumiaji

1. Utangulizi

Mifumo mingi ya idara zetu imetokana na fomu ya karatasi iliyohamishiwa kwenye kompyuta. Foleni ya dirishani inapungua, lakini mzigo unamhamia mwananchi, anayefanya sasa kazi ya karani bila mafunzo ya karani. Mada hii inapendekeza usanifu uanze na safari nzima ya mwombaji, pamoja na yule anayemsaidia njiani.

2. Mifano ya kujifunzia

Mfumo wa malipo ya Serikali ya Tanzania, GePG, ulianza kutumika mwaka 2017. Zamani mlipaji alijaza hati ya benki, akapanga foleni, kisha akaipeleka ofisini ili apewe stakabadhi. Leo anapewa kumbukumbu namba, analipia benki, kwa wakala au hata kwa simu ya kitochi. Hahitaji kujua fedha inaingia akaunti ipi. Ugumu umebaki upande wa ofisi, na huko ndiko unakostahili kubaki.

Uingereza, waliposanifu upya maombi ya posho ya watu wanaohudumia wagonjwa au wenye ulemavu, walipitia fomu swali kwa swali na kufuta karibu nusu ya maswali.

3. Mtumiaji tunayemsahau

Waombaji wengi hawajazi fomu zetu wenyewe. Wanakwenda steshenari, kijana anawajazia kwa malipo. Mfumo unadai barua pepe. Mwombaji hana, kijana anaweka yake. Nywila anaijua yeye. Baadaye ujumbe kwamba kiambatisho hakisomeki unamfikia kijana ambaye hata sura ya mteja haikumbuki. Nasi ofisini tunaandika: mwombaji hakujibu.

Wakati huohuo, nakala za vitambulisho na vyeti zinabaki kwenye kompyuta ya dukani. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hatuwezi kulichukulia hilo kuwa jambo dogo.

4. Mapendekezo

(a) Mawasiliano yapite kwenye simu ya mwombaji. Barua pepe iwe hiari. Msaidizi aingie kwa jina lake kama msaidizi, na maombi yasipokelewe mpaka mwombaji athibitishe kwa tarakimu alizotumiwa.

(b) Kila swali liwe na afisa anayeweza kueleza jibu lake linaamua nini. Akikosekana, swali lifutwe. Taarifa ambazo Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) inazo zihakikiwe kwa mfumo, mwananchi asidaiwe nakala.

(c) Kabla ya kuzindua, wasanifu wakae steshenari za mjini na vijijini, waangalie watu wakijaza bila kuwaelekeza. Mtu anapokwama, kirekebishwe kipengele kilichomkwamisha. Kuongeza ukurasa wa maelekezo hakutoshi.

(d) Taarifa ya robo mwaka ihesabu waliopata cheti au leseni bila kurudi ofisini. Idadi ya waliojisajili haituambii kama wamehudumiwa.

5. Hitimisho

Kazi hii haiwezi kuachiwa kitengo cha TEHAMA peke yake, kwa kuwa maswali mengi yanatokana na kanuni na mazoea ya masijala. Naomba kila idara iliyopo hapa ichague huduma moja, na maafisa wa sheria, masijala na TEHAMA wakae meza moja kuipitia fomu yake kabla ya mwaka ujao wa fedha kuanza.