Dawa Iko Mkononi, na Moyo Je?

 

Leo nataka tuzungumze juu ya wagonjwa ambao hawakosi katika kusanyiko lolote la nchi yetu: wanaoishi na virusi vya Ukimwi na wanaotibiwa kifua kikuu. Mara nyingi ni mtu yule yule mmoja, kwa kuwa virusi hupunguza nguvu za mwili za kujikinga, na kifua kikuu hupata njia. Mpaka sasa ndicho kinachowaua wengi zaidi miongoni mwa wenye virusi ulimwenguni.

Rais Moi alipotangaza mwezi wa Novemba 1999 kwamba Ukimwi ni janga la taifa, wengi wetu tulikuwa vijana, na Jumamosi zetu zilikuwa za mazishi. Dawa zilikuwapo, lakini zilikuwa za wenye fedha. Leo hutolewa bure katika hospitali za Serikali, na mtu anayezimeza vizuri huishi akaona wajukuu. Kifua kikuu cha kawaida nacho hupona kwa miezi 6: dawa nne kwa miezi 2 ya kwanza, kisha mbili kwa miezi 4. Tumshukuru Mungu kwa hayo. Lakini basi, mbona watu huziacha?

Tunasema ni nauli. Tunasema ni njaa, maana dawa hizi juu ya tumbo tupu ni taabu. Tunasema ni aibu. Yote ni kweli. Lakini yuko mwingine ambaye nauli anayo na chakula kipo, wala hakusahau dawa. Ameamka saa tisa usiku, usingizi umekwisha, anaitazama chupa pale mezani, na hajui anameza ili aishi kwa ajili ya nini. Hamu ya chakula imekwenda. Hamu ya kuzungumza na watoto imekwenda. Sisi husema, "Ana mawazo," na jina hilo si baya, ila tumelizoea mno hata hatusikii uzito wake. Madaktari huuita ugonjwa, nao wanasema kweli. Huwapata wenye virusi na wenye kifua kikuu kuliko watu wengine, na anayeupata huacha dawa kwa urahisi zaidi. Wengine hujitibu kwa pombe, na hapo ini, ambalo tayari lina kazi kubwa ya dawa, huongezewa mzigo.

Nilimtembelea baba mmoja aliyeacha dawa za kifua kikuu mwezi wa tatu. Kadi yake ya kliniki ilikuwa safi kabisa: uzito umeandikwa, majibu ya makohozi yameandikwa, tarehe zote zipo. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema kwamba baba huyu alikuwa amepoteza kazi na kwamba hakuwa amelala vizuri kwa majuma mengi. Nilipomwuliza kwa nini hakuwaambia, alinishangaa. "Pasta," akasema, "pale unaulizwa habari ya kifua."

Huo ndio ugumu wenyewe. Kwa desturi yetu mwili una kliniki yake na akili ina yake. Mgonjwa wa kifua akionekana amelemewa na huzuni, huandikiwa barua aende kwingine: foleni nyingine, nauli nyingine, na mahali penye jina la kuogofya. Mathari ilianza mwaka 1910, na hata leo ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba utampeleka Mathari, amesikia tusi. Basi ile barua hukaa mfukoni mpaka ikachakaa.

Kwa hiyo nasema, na wakubwa wa afya wamekwisha kusema kabla yangu, swali la moyo liulizwe kwenye meza ile ile, siku ile ile, na jibu liandikwe katika faili ile ile. Mwongozo wa tiba ya virusi katika Kenya waagiza mgonjwa aulizwe anapoanza dawa na kila mwaka baadaye. Ni maswali 9 tu juu ya majuma mawili yaliyopita: habari ya usingizi, chakula, uchovu, furaha, na la mwisho, kama amewaza kufa au kujidhuru. Muuguzi aliyefundishwa hayamalizi dakika kumi. Mwenye huzuni nyepesi hupewa mtu wa kuzungumza naye, na aliyezama sana hupewa dawa.

Faili moja ina faida nyingine ambayo si wengi waijuao. Rifampicin, dawa kubwa ya kifua kikuu, huliharakisha ini liondoe dawa nyingine mwilini, zikiwemo baadhi ya dawa za huzuni. Tena ziko dawa za kifua kikuu sugu, kama cycloserine, ambazo zenyewe zaweza kuivuruga akili, mtu akasikia sauti au akataka kujiua. Daktari wa akili asiyejua mgonjwa anameza nini kifuani atabahatisha tu. Na sisi wachungaji, tusiharakishe kukemea pepo kabla ya kuuliza mtu huyu anatumia dawa gani.

Utasema, madaktari wa akili ni wachache, watatoka wapi? Sikia habari za Zimbabwe. Kuanzia mwaka 2006, Dakta Dixon Chibanda aliwafundisha akina nyanya wa Harare kuketi na wagonjwa juu ya benchi, nje ya zahanati, wakisikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Miongoni mwa walioketi hapo walikuwamo wengi wenye virusi. Kazi hiyo ilipimwa kitaalamu, na matokeo yakachapishwa 2016: walioketi na nyanya walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Huko nao huuita ugonjwa huu kwa neno lao lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Kaskazini mwa Uganda, Dakta Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake waliwafundisha wahudumu wa vijijini kuongoza vikundi vya wenye virusi na huzuni, wakizungumza na pia wakijifunza namna ya kujipatia riziki. Nako watu waliinuka.

Mkristo asione kwamba mambo haya ni ya kigeni. Mkumbuke Eliya chini ya mti wa mretemu, nabii aliyechoka hata akaomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Maneno yalikuja baadaye, nayo yalianza kwa swali.

Liko jambo la sheria pia. Kwa miaka mingi kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai katika Kenya, na mgonjwa aliyeulizwa lile swali la tisa aliona mlango wa seli mbele yake. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Waambieni watu wenu, maana wengi hawajasikia.

Mwezi ule ule Marekani ilisimamisha misaada yake, na kliniki nyingi za virusi zikapoteza wafanyakazi, washauri wakiwamo. Sasa katika sehemu nyingi wagonjwa wa virusi wanaunganishwa na wagonjwa wengine wote. Hilo laweza kuwa jema, kwa kuwa hupunguza aibu ya mlango wa peke yake. Lakini foleni ikiwa ndefu, ni rahisi swali la usingizi kuwa la kwanza kuachwa. Ninyi mlio katika kamati za zahanati, ulizeni kwenye mkutano ujao: nani anauliza maswali yale 9 hapa kwetu, na siku gani? Akina mama wa Umoja, ninyi mna mabenchi na mna masikio. Nendeni kwa muuguzi mkuu, mwombe awafundishe.

Nawe uliyeamka saa tisa leo, juma hili ukienda kuchukua dawa, usingoje kuulizwa. Mwambie sista, "Silali, na sioni sababu ya kumeza." Kama ni vigumu kusema, andika kwenye karatasi umpe. Na kama wazo la kujidhuru liko karibu, usingoje siku ya kliniki. Mwamshe mtu wa nyumbani sasa hivi, akusindikize mpaka hospitali iliyo karibu, na asikuache peke yako njiani.