Tununue Jeki Kabla ya Redio



Mmetuita tuje tuseme habari ya vyombo vya kubadilishia tairi la gari. Sisi si mafundi. Sisi ni wakulima wanne wenye pikapu moja kuukuu. Tunateremsha mahindi na maharage ya Ufipa hadi Muze, kule Bonde la Ziwa Rukwa, kisha tunarudi na mpunga na samaki. Basi tutasema yaliyotupata, na vitu tulivyonunua baada ya kupatwa.

Mwezi wa Machi 2023 tulikuwa tunapanda mlima kutoka Muze. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ndani ya gari alikuwamo mama mmoja na mtoto wake. Mtoto alikuwa na homa kali, anapelekwa hospitali mjini Sumbawanga. Jua lilipokuwa linazama, tairi la nyuma likapasuka.

Tukashuka. Jeki yetu ilikuwa ya gari dogo, tena ya kuazima. Tuliiweka juu ya udongo mbichi, ikazama. Gari likateleza, likashuka kwa kishindo. Mwenzetu aliyeshika gurudumu aliwahi kutoa mkono wake, lakini kwa bahati tu. Spana nayo ilikuwa imelika, ikazunguka juu ya nati bila kuzilegeza. Na tairi la akiba tulipolibonyeza, halikuwa na upepo.

Wakati huo redio ya gari ilikuwa inaimba. Ilikuwa mpya, tuliinunua baada ya mavuno. Yule mama akasema polepole: "Kaka zangu, redio mnayo. Jeki je?"

Hatukuwa na jibu.

Lori lilipita saa saba usiku, likamchukua mama na mtoto wake hadi mjini. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini aliungua homa mlimani kwa saa sita, kwa sababu ya vyombo ambavyo hatukuvinunua.

Ndugu zetu, wazee wa Ufipa walikuwa mafundi wa chuma. Walijenga tanuru refu la udongo lililoitwa ilungu, wakayeyusha mawe ya chuma, wakafua majembe. Hawakwenda shambani bila jembe. Sisi wajukuu wao tulikwenda safari bila chombo!

Tukachanga fedha, tukaenda madukani Sumbawanga. Hapo ndipo kisomo kilipotufaa.

Kwanza, jeki. Juu ya jeki pameandikwa uzito inaoweza kuinua. Tulisoma, tukachagua ya tani 3.

Pili, spana ya msalaba. Ina vichwa vinne, kila kimoja na ukubwa wake. Tuliijaribu kwenye nati za gari letu kabla ya kulipa.

Tatu, pampu na kipimo cha upepo. Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye kitabu cha gari, au pembeni mwa mlango wa dereva. Namba iliyo kwenye tairi lenyewe ni mwisho wa upepo linaoweza kubeba. Msiifuate hiyo.

Nne, tochi na pembetatu mbili za kuonya magari mengine. Ubao mgumu wa kuweka chini ya jeki na kabari mbili za mti tulichonga wenyewe.

Tulitaka na tairi. Tulionyeshwa moja linang'aa kama jipya. Tukasoma ubavuni. Katika tairi nyingi huko mna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Lile lilikuwa na 1412. Maana yake, lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2012. Lilikuwa limepakwa rangi tu! Tukaliacha, tukatafuta jingine. Mtu asiyejua kusoma angelipa, akaenda zake akifurahi.

Sasa tuseme namna ya kubadilisha tairi.

Egesha gari mahali pa tambarare, pasipo na kona. Vuta breki ya mkono, tia gia. Weka pembetatu mbali, mbele na nyuma ya gari. Teremsha watu wote na mizigo. Weka kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini.

Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini. Usizitoe. Ukinyanyua kwanza, gurudumu litazunguka nawe, na gari linaweza kuanguka.

Weka ubao, juu yake jeki, mahali palipo imara chini ya gari. Nyanyua. Toa nati, badilisha gurudumu, rudisha nati kwa mkono. Usiingize kichwa wala mguu uvunguni. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si nguzo ya kulalia chini yake.

Teremsha gari, kisha kaza nati kwa nguvu. Usizikaze kwa kufuatana. Kaza moja, kisha ile inayoikabili. Ukiisha kwenda kilomita 50 hivi, simama ukaze tena.

Jambo la mwisho. Wengi wetu tukiharibikiwa huweka mawe na matawi barabarani, kisha tunaondoka na kuyaacha. Usiku anakuja mwenzetu na pikipiki, hayaoni, anakufa. Tuyaondoe. Barabara ni yetu sote.

Siku hizi kila Jumapili tunapima upepo wa magurudumu yote, na lile la akiba pia. Redio bado tunayo. Lakini kabla ya kuifungua, tunauliza kwanza: jeki imo?

Nanyi mkiomba lifti, ulizeni hivyo hivyo.